Jioni ya Mwalimu ni ya Nani?

Mwalimu wa Kiingereza aliyeajiriwa ughaibuni hufikiwa na swali lile lile popote aendako, na mara nyingi hulisikia kabla hajamaliza mwezi wa kwanza. Mzazi humsubiri langoni, au mwenye duka la jirani humzuia kidogo baada ya kumrudishia chenji: mwalimu, jioni una nafasi? Kuna mtoto ana mtihani, kuna shemeji anatafuta kazi hotelini, kuna barua ya Kiingereza inataka kunyooshwa. Malipo ni taslimu. Madrid, mwalimu huyo atakubali palepale. Seoul, akikubali ametenda kosa linaloweza kumwondoa nchini. Dubai jibu lilikuwa moja hadi mwishoni mwa 2023, na tangu hapo ni jingine.

Ni rahisi kudhani kwamba tofauti hizi ni za maofisa wa uhamiaji tu, mambo ya mihuri na fomu. Mimi naona mizizi yake imekwenda chini zaidi. Kila jamii iliyomwalika mwalimu wa lugha ilikuwa na mawazo yake ya siku nyingi kuhusu elimu: inauzwa au haiuzwi, nani ana haki ya kuinunua, na mtumishi anadaiwa nini na aliyemwajiri. Mgeni huingia na kuyakuta mawazo hayo yamekwisha kukaa kitako. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema jembe hilo, jua likipungua makali, alimie shamba la nani.

Korea Kusini inafaa kutangulia, kwa kuwa huko sheria ni kali na sababu zake ni nzito. Mwalimu wa Kiingereza huingia kwa viza ya E-2, inayotolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Viza hiyo humfunga kwa mwajiri mmoja na mahali pa kazi palipotajwa. Akitaka kufundisha kwingine, mwajiri wake sharti aridhie na uhamiaji waidhinishe kabla hajaanza. Kumfundisha mtoto mmoja sebuleni kwao kwa malipo hakuruhusiwi.

Anayeishia hapo ataona ukali mtupu. Lakini katazo la masomo ya jioni nchini humo halikuanza na wageni. Mwezi Julai 1980 utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan uliwapiga marufuku Wakorea wenyewe kufundisha na kufundishwa kwa faragha, kwa hoja kwamba mtihani wa kuingia chuo kikuu umegeuka mashindano ya mifuko ya wazazi. Utawala ule haukupendwa, ila donda uliloligusa lilikuwa la kweli, na katazo lake lilidumu kwa sura mbalimbali hadi Aprili 2000, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba linavunja haki ya mzazi kumsomesha mwanawe. Hata baada ya hapo breki hazikuachiwa zote. Vituo vya masomo ya ziada, ambavyo Wakorea huviita hagwon, vinatakiwa kufungwa saa 4 usiku mjini Seoul, na mahakama ile ile ililiunga mkono sharti hilo mwaka 2009. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkorea anaweza kufundisha watoto wa watu jioni, mradi ajiandikishe ofisi ya elimu ya eneo lake. Kwa hiyo Korea haikatai kwamba lugha iuzwe jioni. Inachotaka ni kujua anayeuza ni nani na duka linafungwa saa ngapi.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 ilipiga marufuku tuisheni za likizo, na hoja zilizotolewa zinafanana na za Seoul: mtoto apumzike, na mtoto wa maskini asiachwe nyuma kwa sababu mzazi wake hana pesa za ziada. Hata hivyo mshukiwa si yule yule. Kenya inamtazama mwalimu wa mtoto mwenyewe, yule wa darasani, kwa wasiwasi kwamba atabania mada mchana ili aiuze likizoni. Mgeni wa Seoul hashukiwi kubania chochote. Anachoogopewa ni uhaba wake: lafudhi anayoibeba ni adimu, na kitu adimu kikiachwa sokoni bila mpaka huishia katika nyumba zenye pesa. Kwa Kenya tatizo ni mwalimu anayefundisha watoto wale wale mara mbili. Kwa Korea ni mwalimu ambaye wengi hawatampata hata mara moja.

Hispania imekwenda njia nyingine kabisa, na hapo sina mengi ya kusema kwa kuwa mambo yako wazi. Serikali huwaalika vijana wa nje wasaidie mazungumzo ya Kiingereza mashuleni, saa 12 hadi 16 kwa wiki, kwa posho ya takriban euro 700 hadi 1,000 kwa mwezi kutegemea jimbo. Posho hiyo haimtoshi mtu aliyepanga chumba Madrid, na kila mtu anajua. Jioni imeachwa tupu kwa makusudi au kwa mazoea, na familia za mtaani huijaza. Korea humlipa mwalimu mshahara wa kuishi, mara nyingi na nyumba juu yake, kisha huidai jioni yake. Hispania humlipa nusu maisha na kumwachia jioni atafute nusu nyingine.

Mji ambao hali hiyo ya Hispania ilizaa matunda makubwa kuliko yote niyajuayo ni Trieste ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa bandari ya dola ya Austria na Hungaria, mji wa mabenki, bima na meli. Mwezi Machi 1905 alifika hapo Mwayalandi wa miaka 23, James Joyce, akitokea Pola, alikokuwa akiwafundisha Kiingereza maofisa wa jeshi la majini katika tawi la shule za Berlitz. Katika miaka kumi iliyofuata, ukiondoa miezi michache ya ukarani wa benki Roma, alijaribu karibu kila kibarua ambacho mwalimu wa lugha anaweza kukipata baada ya kipindi cha mwisho. Aliandika makala za Kitaliano kuhusu siasa za Ayalandi katika gazeti la Il Piccolo della Sera. Alitoa mihadhara ya jioni kwa watu wazima. Aliwashawishi wafanyabiashara wa sinema wa Trieste wafungue ukumbi Dublin, nao ukumbi wa Volta ukafunguliwa Desemba 1909, kisha ukauzwa kwa hasara baada ya miezi michache. Alishika hata uwakala wa vitambaa vya sufu kutoka kwao.

Kati ya vibarua hivyo vyote, kilichozaa zaidi ni masomo ya nyumbani. Pembezoni mwa mji, ubavuni mwa kiwanda cha rangi za kupaka matumbo ya meli, kulikuwa na nyumba ya familia ya Veneziani. Mkwe wao, Ettore Schmitz, alisimamia biashara hiyo, na kwa kuwa kampuni ilikuwa na kiwanda kingine London alihitaji Kiingereza cha kuzungumza na mafundi na wateja. Joyce alikwenda kumfundisha yeye na mkewe, Livia. Siku moja akawasomea hadithi aliyokuwa ametoka kuimaliza, ile ya karamu ya majira ya baridi mjini Dublin. Baada ya hapo mwanafunzi, mtu mzima aliyemzidi mwalimu wake zaidi ya miaka ishirini, alipata ujasiri wa kutoa riwaya zake mbili, za 1892 na 1898, alizozichapisha kwa fedha zake na ambazo hakuna aliyezijali. Joyce alizisoma, akamwambia kwamba amepuuzwa bila haki. Schmitz alirudi kuandika, na mwaka 1923 akatoa riwaya ya Zeno kwa jina lake la uandishi, Italo Svevo. Joyce, wakati huo yuko Paris, akawa miongoni mwa waliompigia debe. Ni vigumu kuona jambo kama hilo likitokea darasani, mbele ya maofisa ishirini wanaokariri vitenzi. Lilihitaji sebule, watu wawili au watatu, na malipo ya saa moja moja.

Sisemi hivyo ili kuisifu Trieste na kuilaumu Seoul. Uhuru wa Trieste ulikuwa wa watu wenye sebule. Mtoto wa kuli wa bandarini hakufundishwa na Joyce. Miji hii miwili imechagua kulinda vitu tofauti, na kila mmoja umelipa gharama ya kile usichokilinda.

Japani nayo ina njia yake. Lafcadio Hearn, aliyezaliwa kisiwani Ugiriki na kulelewa Ayalandi, alifika Japani mwaka 1890, akafundisha Kiingereza Matsue, kisha Kumamoto, katika shule ya serikali ambayo mkuu wake alikuwa Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo. Mchana alisahihisha insha. Saa zilizobaki aliandika juu ya madhabahu, mizimu, bustani na desturi za wenyeji wake, na mwaka 1894 kikatoka kitabu chake kikubwa cha kwanza kuhusu nchi hiyo. Kuanzia 1896 alifundisha Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Alipoondolewa mwaka 1903, mmoja wa walioshika nafasi yake alikuwa Natsume Soseki, Mjapani aliyekuwa ametoka tu kusoma London, na ambaye naye alifundisha vyuo zaidi ya kimoja ili kukidhi mahitaji ya familia. Mwaka 1905 Soseki alianza kuchapisha jaridani riwaya inayosimuliwa na paka. Miaka miwili baadaye aliacha ualimu kabisa, akaajiriwa na gazeti la Asahi kuwaandikia riwaya, uamuzi ulioshangaza wengi kwa jinsi nafasi ya chuo kikuu ilivyoheshimiwa.

Walimu hawa wawili, mgeni na mwenyeji, waliitumia jioni kwa namna moja, na Japani ya wakati huo iliwaheshimu kwayo. Joyce aliuza jioni yake kwa saa. Wao waliitia katika vitabu. Sitaki kuikuza tofauti hiyo kupita kiasi, maana Joyce naye aliandika usiku na Soseki naye alihesabu senti. Hata hivyo nikiisoma Japani ya leo naona alama yake. Mpango wa JET, ulioanza 1987, huwaweka vijana wa kigeni katika shule za umma wakiwa wameajiriwa na serikali za mitaa, na mwalimu wa namna hiyo anatazamiwa kuwa na mwenendo wa mtumishi wa umma. Kazi ya pembeni yenye malipo inataka ruhusa ya aliyemwajiri, kisha kibali cha uhamiaji cha kufanya shughuli isiyo ndani ya hadhi yake ya ukaazi. Kufundisha wazee bila malipo katika ukumbi wa kijiji, kinyume chake, kunafurahiwa, na shukrani huja kwa njia ya mchele wa mavuno au kikapu cha matunda. Bei ikitajwa ndipo ugumu unapoanza.

Mwaka 2007 ulionyesha hatari ya kumfunga mwalimu kwa mkono mmoja. Kampuni ya Nova, mtandao mkubwa kuliko yote wa madarasa ya Kiingereza nchini Japani, ilifilisika mwezi Oktoba, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila mishahara, baadhi yao bila nyumba kwa kuwa nyumba nazo zilipitia kwa mwajiri. Wako waliotangaza kufundisha ili wapewe chakula. Serikali ya Japani yenyewe imelegeza msimamo kwa wafanyakazi wa nchi nzima: Januari 2018 kanuni za mfano za ajira zilibadilishwa ili kazi ya pili ikubalike badala ya kukatazwa.

Ukiondoa fedha kabisa unapata sura nyingine tena. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa 1961 na kupeleka walimu wengi Afrika Mashariki, humkataza mwalimu wake wa kujitolea kupokea mshahara kwingine kokote, lakini humtazamia awe na shughuli ya pili: maktaba, bustani ya shule, klabu ya wasichana. Huyu anatakiwa aitoe jioni yake yote, ila asiiuze. Ni kinyume kamili cha Trieste, na wazazi wetu waliofundishwa na vijana hao wanajua kwamba baadhi ya maktaba hizo zilidumu kuliko mikataba yao.

Hadi hapa nimesema juu ya waliokwenda na Kiingereza. Yupo pia aliyekwenda na Kiswahili, na bila yeye ulinganisho huu utakuwa na upande mmoja. Berlin ilikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki tangu 1887, na Kiswahili kilifundishwa hapo kwa ajili ya maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea makoloni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha huko kuanzia 1900. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha 1903 imetoka katika kalamu yake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani. Walipojaribu kurudi pwani mwaka uliofuata, utawala wa kikoloni ulimkatalia mkewe kuingia, wakalazimika kurejea Ujerumani. Alifundisha tena Hamburg kati ya 1909 na 1913, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki alijipatia riziki kwa kutembea mji hadi mji akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki 1927.

Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari na yeye mwenyewe mtoto-askari wa Vita Kuu ya Kwanza, alifika Berlin 1929 kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alipata kazi ya kuhudumia wateja Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na kuanzia 1931 akawa msaidizi wa Kiswahili katika seminari ile, kwa ujira mdogo, chini ya maprofesa waliohitaji matamshi yake. Aliwafundisha polisi pia. Alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, nyingi akiwa mtumishi au mbeba mizigo, na ya mwisho ilikuwa ile ya 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mtu aliyeiteka nchi alikozaliwa Husen. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Kwa juu juu Husen anafanana na Joyce: lugha mchana, ukumbi wa burudani na filamu jioni, mshahara usiotosha katikati. Tofauti iko katika kilichonunuliwa. Wateja wa Joyce walilipia akili yake, na kibarua kikizaa urafiki alipata wa kujadiliana naye vitabu. Berlin ilimlipa Husen kwa sauti yake na kwa ngozi yake, na mtu aliyefundisha lugha ya dola chuo kikuu alivalishwa mavazi ya mpagazi mbele ya kamera. Vibarua vyake havikuwa njia ya kutoka katika hali aliyopewa darasani. Vilikuwa hali ile ile, kwa saa za ziada. Na kwa kuwa hakuwa na haki za raia, hapakuwa na upande ambao angegeukia mmoja ulipomkataa. Alifukuzwa Haus Vaterland mwaka 1935 baada ya wenzake kumshitaki.

Namkumbuka Husen ninapowaza juu ya wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko vyuoni China. Wengi wamesoma kwa Kiingereza tangu utotoni, wengine wana shahada za ualimu. Kanuni za kibali cha kazi, hata hivyo, zinamtaka mwalimu wa lugha atoke nchi ambako lugha hiyo inahesabiwa kuwa ya mama, na nchi zetu hazimo. Kwa hiyo hapa mambo yamegeuka: Mmarekani ana ualimu kuwa kazi yake na kitu kingine kuwa cha pembeni, wakati Mganda ana masomo kuwa shughuli yake halali na ualimu ndio wa pembeni, jioni, katika shule ya chekechea isiyouliza maswali mengi. Sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inaweka faini ya yuani 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi bila kibali, na kizuizi cha siku 5 hadi 15 kosa likiwa kubwa. China nayo ina hofu ya Korea juu ya mzigo wa masomo ya ziada. Ndiyo iliyozaa sera ya Julai 2021 iliyozibana kampuni za tuisheni na kukataza kuajiri walimu walioko nje ya nchi. Hofu hiyo naielewa na kuiheshimu. Kigezo cha pasipoti siwezi kukitetea, kwa sababu hakimpimi mwalimu wala hakimlindi mtoto.

Ndiyo maana hatua ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya Desemba 2023 inastahili kutazamwa kwa makini na watu wetu, ambao wana uzoefu wa karne nyingi na Ghuba. Huko mfumo wa kafala uliufanya muda wote wa mgeni kuwa chini ya mdhamini wake, na tuisheni za kificho zilikuwa biashara kubwa isiyotajwa. Serikali ikaanzisha kibali cha ualimu binafsi: hakilipiwi, kinadumu miaka miwili, na kinatolewa kwa walimu wa shule za umma na za binafsi, kwa wasio na ajira, kwa wanafunzi wa vyuo, hata kwa vijana wa sekondari wa miaka 15 hadi 18. Anayekipata hutia saini kanuni za maadili. Haulizwi kama Kiingereza alikinyonya kwa mama yake. Mkenya anayefundisha Sharjah anaweza kuomba kwa mlango ule ule anaopita Mwingereza, na akikubaliwa anaweza kutaja bei yake kwa sauti. Ukaazi wake, hata hivyo, kwa kawaida bado unategemea mwajiri wake wa mchana, na mkataba huo ukivunjika, haki yake ya kubaki nchini hutikisika pamoja na wanafunzi wake wa jioni.